Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Wapendwa baba na mama, mafundi na wafanyabiashara wenzangu wa Lubumbashi,

Mwaka 2024 kamati ya chama chetu iliweka nguvu zake karibu zote kwenye jambo moja: namna jimbo, mji na komini zetu, yaani sehemu za mji zenye utawala wake, zinavyochagua watu wa kuziuzia vitu na kuzifanyia kazi. Wengine mlituuliza kwa nini kodi za soko na kukatika kwa umeme tumeviweka pembeni. Tulifanya hivyo kwa kukusudia, na nitaeleza sababu.

Sababu ya kwanza ni pesa. Sheria ya madini ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018, na tangu hapo mrabaha wa madini unalipwa kwa kila mwenye fungu lake moja kwa moja: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 komini, sekta au usultani ambamo mgodi unachimbwa, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba inatozwa asilimia 3.5, na kobalti asilimia 10 tangu ilipotangazwa kuwa madini ya mkakati mwishoni mwa 2018. Kwa hiyo komini yenye mgodi ndani ya mipaka yake imekuwa mnunuzi mkubwa. Inajenga madarasa, inachimba mifereji, inanunua madawati, saruji na mabati. Hizi ni kazi za mikono yetu. Kama hatuzipati, inafaa tujue zinakwenda kwa nani na kwa njia gani.

Sheria inayotawala manunuzi haya ni namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010. Mimi na katibu tumeisoma kifungu kwa kifungu, na nakala iko kwenye ofisi yetu kwa kila anayetaka. Inahusu serikali kuu, majimbo, na pia miji na komini, hivyo hakuna burgumestri, yaani mkuu wa komini, anayeweza kusema haimhusu. Inataka mlango uwe wazi kwa wote, wanaoshindana watendewe sawa, na mambo yafanyike hadharani. Zabuni ya wazi ndiyo kanuni. Kununua bila ushindani, ile gré à gré, kunaruhusiwa kwa sababu chache tu, kwa mfano kama mwenye bidhaa ni mmoja peke yake kwa haki miliki, au kuna dharura ambayo hakuna aliyeweza kuitabiri. Hata hapo inatakiwa ruhusa ya DGCMP, ofisi inayodhibiti manunuzi. Ukionewa, unaanza kumlalamikia mnunuzi mwenyewe kwa maandishi. Asipokusikia, unakwenda ARMP, mamlaka inayosimamia. Wengi wenu mnachanganya ARMP na ARSP. ARSP inatokana na sheria ya 2017 juu ya kazi ndogo zinazotolewa na makampuni binafsi, na hapa kwetu hiyo ni hasa migodi. Manunuzi ya komini si kazi yake, msipoteze nauli kwenda huko.

Sasa nifike kwenye kiini. Tunapozungumzia zabuni, macho ya karibu kila mmoja wetu yako kwenye siku ya kufungua bahasha za ofa. Ni siku yenye watu, bei zinasomwa kwa sauti, kila mtu ana kalamu mkononi. Siku hiyo ina maana yake, na msiache kuhudhuria, maana ni haki yenu. Lakini tuliyoyaona mwaka 2024 yamenishawishi kwamba mambo yanaamuliwa mapema zaidi, pale masharti yanapoandikwa, na maumivu makubwa yanakuja baadaye, pale malipo yanapongojewa. Katikati hapo, kwenye bahasha, kuna kidogo cha kupigania.

Niwape mfano wa madawati. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa yamejaa na watoto wengine wanakaa chini, kwa hiyo madawati yananunuliwa kila mara. Tuna fundi wa komini ya Katuba ambaye alikuwa akitengeneza madawati kabla wengi wetu hatujafungua karakana. Mbao zake zimekauka vizuri, misumari yake haitoki. Mwanzoni mwa mwaka lilitoka tangazo la ofisi moja ya serikali hapa mjini. Lilidai hesabu za mauzo ya miaka mitatu zilizothibitishwa na mhasibu, dhamana ya benki, na likaunganisha madawati, kompyuta na mashine za fotokopi katika fungu moja. Niambieni, ni seremala gani wa Katuba au wa komini yetu ya Kenya anayeuza fotokopi? Masharti kama hayo yanampa ushindi mtu wa kati mwenye ofisi na muhuri, asiye na hata randa. Na kweli, baada ya wiki chache mtu wa namna hiyo alifika kwa fundi wetu kumwomba amtengenezee madawati yaleyale, kwa bei ambayo haikufikia hata nusu ya ile iliyosomwa mbele ya watu. Fundi alikubali kwa sababu ana watoto shuleni. Simlaumu.

Tulikuwa tumeandika barua kuomba madawati yawekwe katika fungu lake. Sheria inaruhusu kugawa zabuni katika mafungu, na inaruhusu wadogo kuungana na kuleta ofa moja. Tulijibiwa kwa mdomo tu, mlangoni, kwamba muda umepita. Baadaye mwaka huohuo tulisikia kwamba ofisi nyingine inaandaa ununuzi kama huo, tukaandika kabla tangazo halijatoka. Safari hiyo madawati yalitengwa. Maseremala wetu wa Katuba na Kampemba waliungana, wakaweka ofa, wakashinda. Tofauti kati ya hizo mbili haikuwa bei wala ujuzi, ilikuwa tarehe ya barua.

Ndiyo maana ninasisitiza mpango wa manunuzi wa mwaka. Kila mnunuzi wa serikali analazimika kuandaa mpango huo: atanunua nini, kwa njia gani, lini. Anayeusoma mwanzoni mwa mwaka anapata nafasi ya kuuliza, kutafuta wenzake, kupata dhamana. Anayesubiri tangazo anajikuta anakimbizana na karatasi. Mwulize mkuu wa komini yako mpango huo uko wapi. Ukiambiwa ni siri, andika tarehe na jina la cheo cha aliyekuambia, utuletee.

Mama mmoja wa Kamalondo, anayeshona sare, aliniuliza: kama tunaomba mafungu, je, si ndiyo kule kukatakata kunakokatazwa? Swali zuri sana, mama. Kugawa mafungu ndani ya zabuni moja ni halali, kila mtu anaona jumla na wote wanashindana. Kinachokatazwa ni kuuvunja ununuzi vipande ili kila kipande kiwe kidogo kiasi cha kukwepa ushindani, kisha vyote apewe mtu mmoja kwa profoma, yaani karatasi za bei, tatu zilizoandikwa kwa mwandiko mmoja.

Juu ya gré à gré, nchi nzima ilisikia mwaka 2024 habari za vituo vya maji: mkataba wa 2021, vituo 1,000 kwa karibu dola milioni 400, bila zabuni ya wazi. Gawanyeni wenyewe, ni karibu dola 400,000 kwa kituo kimoja. Mjadala wa bei hiyo ulifanywa Kinshasa na vyombo vya serikali vilishughulika nao. Mimi ninachotaka tuone ni kwamba pasipo ushindani hakuna bei nyingine ya kulinganisha, na mwananchi anagundua mambo miaka mitatu baadaye wakati pesa imekwisha kutoka. Kisima cha shule ya Ruashi au cha komini ya Annexe hakistahili kununuliwa gizani.

Malipo ndiyo yanayotuua. Nasema hivi nikijua uzito wa neno. Mwanachama anashinda, anakopa, anakabidhi kazi, anapewa hati ya kupokelewa, kisha fakture yake, yaani hati ya kudai malipo, inalala. Mkataba umeandikwa kwa franka. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa karibu franka 2,000. Mwaka 2024 ilifika karibu 2,800. Kazi ya franka milioni 10 iliyokuwa na thamani ya dola 5,000 ililipwa ikiwa na thamani ya dola 3,600 hivi, wakati bidhaa zinazotoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zinanunuliwa kwa dola. Faida yote imeliwa na kungoja, na deni la benki liko palepale. Tumewaandikia wakuu wa komini kuomba jambo moja: wasitangaze zabuni ambayo pesa yake haijatengwa. Baadhi walitupokea kwa heshima. Wengine hawajajibu, na tutarudi kwao.

Kuna jambo ninalotaka kulisema wazi, maana linazungumzwa chini chini. Ile "operesheni retour", kurudisha sehemu ya malipo kwa aliyekupa kazi, chama hiki hakitaitetea kamwe. Naelewa shinikizo. Naelewa kwamba mtu anaambiwa bila matabishi, yaani hongo, jina lake halitoki. Lakini anayerudisha asilimia kumi ataitoa kwenye saruji, na ukuta huo uko juu ya vichwa vya watoto wetu. Mwanachama akiombwa, aje kwetu; tutaandika malalamiko kwa jina la chama ili yeye asijulikane.

Upande wetu kuna la kurekebisha. Ofa nyingi za wanachama zilianguka kwa karatasi: cheti cha kodi kilichopitwa na muda, ukurasa usiosainiwa, RCCM, yaani hati ya usajili wa biashara, yenye anwani ya zamani. Mafunzo ya katibu ya Jumamosi yataendelea. Mweka hazina atasoma hesabu mwenyewe siku ya mkutano, hatuna deni.

Tarehe 20 Desemba 2023 tulichagua washauri wa komini, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2006. Kazi yao ni pamoja na kujadili bajeti ya komini. Tumekwisha kuonana na baadhi yao, na tumewaomba bajeti ijadiliwe ikiwa na mpango wa manunuzi pembeni yake, ukurasa kwa ukurasa.

Siwezi kufunga taarifa hii bila kuwataja wenzetu wa Goma na Bukavu, ambao karakana na maduka yao yalifungwa na vita mwanzoni mwa mwaka 2025. Wanachama wenye jamaa waliofika huku wakitafuta kazi, waleteni kwetu.

Kwenye mkutano mkuu kamati itawaletea maamuzi mawili. La kwanza ni kuongeza mchango wa mwezi ili tuwe na akiba ya kusaidia dhamana za zabuni za vikundi vyetu. La pili ni kuchagua mtu mmoja kwa kila komini, zote saba, atakayefuatilia mpango wa manunuzi wa komini hiyo na kuhudhuria ufunguzi wa bahasha kwa niaba yetu. Anayetaka kazi hiyo ajue kusoma Kifaransa cha ofisini na awe na muda asubuhi. Majina yapelekwe kwa katibu kabla ya siku ya mkutano.