Amplifaya ikikoroma, tusikimbilie kubadilisha aisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme na vijana wanaojitengenezea amplifaya ndogo nyumbani na shuleni, pamoja na walimu wao wa fizikia. Nafurahi kila nionapo kijana ameshika chuma cha kulehemu badala ya kusubiri kununuliwa kila kitu kikiwa tayari. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi huishia njiani, kwani amplifaya ya kwanza ikitoa sauti mbovu huambiwa wanunue aisi nyingine (IC, yaani kipuri kidogo chenye saketi nzima ndani yake), na ya pili ikikoroma vilevile huamini kuwa aisi zote za madukani ni bandia, au kwamba wao hawana mkono wa ufundi. Aisi bandia zipo, sikatai. Hata hivyo, katika kazi zilizopita mezani kwangu kwa miaka yote ya ufundi redio, ugonjwa mara nyingi umekuwa kwenye vitu vinavyoizunguka aisi, yaani umeme unaoilisha, ethi (upande wa hasi wa betri unaorudisha umeme wa vipuri vyote), kapasita (kipuri kinachohifadhi umeme kwa muda) na spika.

Nichukue mfano wa LM386, aisi ya pini nane ambayo wanaoanza huipenda kwa sababu ni ya bei nafuu na hufanya kazi kwa betri. Kabla ya kuilaumu, kijana aondoe muziki, aweke mita kwenye volti za DC (umeme wa mkondo mmoja kama wa betri), kisha apime kati ya ethi na pini ya 5, ambako sauti hutokea. Ikiwa betri ni ya volti 9, mita isome karibu na 4.5, kwa kuwa aisi hii hujiweka katikati ya umeme wake ili mawimbi yapate nafasi sawa ya kupanda na kushuka. Ikisoma karibu na sifuri au karibu na 9, na waya zote zimehakikiwa, hapo kuna haki ya kuishuku aisi. Ikisoma nusu, aisi ina uwezekano mkubwa wa kuwa nzima, na fedha ya kununulia nyingine ibaki mfukoni.

Kijana mmoja wa jirani aliniletea amplifaya ambayo ilisikika vizuri kwa sauti ya chini, lakini kila ngoma ilipopigwa ilikatika na kukwaruza. Pini ya 5 ilisoma sawasawa. Nikamwomba ahamishie mita kwenye pini ya 6, panapoingia umeme, na aongeze volyumu huku akiitazama. Volti zilikuwa zikianguka kwa kila pigo na kupanda tena. Betri yake ilikuwa ile ndogo ya mraba, nayo haiwezi kumudu mikupuo ya karibu nusu ampea ambayo spika ya omu 8 huidai sauti inapokuwa kubwa. Tuliweka betri kubwa sita za volti 1.5 mfululizo, tukaongeza kapasita ya mikrofaradi 470 karibu kabisa na pini ya 6, na mkwaruzo ukaisha. Aisi ilikuwa ileile aliyokuja nayo.

Ethi ndiyo inayosahaulika kuliko vyote, na mimi naiona kuwa chanzo cha sauti mbovu nyingi zinazoitwa za ajabu. Tuseme spika na waya wa kuingizia sauti zinatumia kipande kimoja chembamba cha waya kurudi kwenye betri, na kipande hicho kina ukinzani wa omu 0.1 tu. Ampea 0.4 za spika zikipita hapo huzaa milivolti 40, na milivolti hizo huingia upya kwenye aisi na kukuzwa pamoja na muziki. Kwa amplifaya inayokuza mara 20, ambayo milivolti 200 za kuingia zinatosha kuifikisha mwisho wa uwezo wake, hiyo ni sehemu ya tano ya sauti yote. Dawa yake haina gharama, kwani waya wa spika, wa betri na wa kuingizia sauti kila mmoja uende peke yake hadi sehemu moja ya ethi.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kosa jingine. Vijana huweka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya pini ya 1 na ya 8 wakiamini wanaongeza nguvu, kumbe wanapandisha ukuzaji kutoka mara 20 hadi mara 200. Hapo milivolti 20 tu zinatosha kuijaza, ilhali simu iliyofunguliwa volyumu hutoa zaidi ya hapo kwa mbali, na matokeo yake ni makelele matupu. Kapasita hiyo inafaa kwa maikrofoni. Kwa simu iondolewe, na pale sauti inapoingia iwekwe volyumu ya kilo-omu 10.

Sauti ikiwa nyembamba isiyo na besi, itazamwe kapasita inayopeleka sauti kwenye spika. Ya mikrofaradi 220 na spika ya omu 8 hupitisha vizuri kuanzia hezi 90 hivi (mitetemo 90 kwa sekunde), ila ya mikrofaradi 10 huanza kudhoofisha kila kilicho chini ya hezi 2,000, na besi ndiyo huumia zaidi. Spika nayo isilazwe wazi mezani, kwa sababu mawimbi ya nyuma huyafuta ya mbele; itobolewe boksi, hata la mbao chakavu.

Neno langu la mwisho ni kuhusu michoro inayosambazwa kwenye simu. Mingi imepunguzwa vipuri ili ionekane rahisi. Mchoro wa vipuri vichache kabisa uliotolewa na National Semiconductor, waliobuni aisi hii, bado una rezista (kipuri cha ukinzani) ya omu 10 na kapasita ya mikrofaradi 0.05 zilizofuatana kutoka pini ya 5 hadi ethi. Zikiondolewa, aisi inaweza kutetemeka kwa masafa yasiyosikika, ikapata moto hata muziki ukiwa umezimwa, na sauti ikachafuka bila sababu ya kuonekana. Nawaomba walimu, na gazeti lako pia litakapochapa saketi kwa ajili ya vijana, waonyeshe vipuri vyote na waandike kando ya pini volti zinazotarajiwa: sifuri kwenye ya 4 ambayo ni ya ethi, 9 kwenye ya 6, 4.5 kwenye ya 5, ili mwanafunzi mwenye mita ya bei ndogo aweze kujua mwenyewe aanzie wapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi redio mstaafu,
Morogoro.