Ile picha ya Mzee

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam alaikum. Sisi huku wazima, ni baridi tu. Niwie radhi kwa kimya. Ujumbe wako wa kuniuliza ni picha ipi ya marehemu Mzee itundikwe sebuleni niliusoma siku ileile, nikakosa la kujibu. Sasa ninalo.

Jumamosi nilimpeleka Saidi British Museum, lile jumba la makumbusho la London, nikaganda mbele ya sanamu tatu za Farao Senusret wa Tatu. Ni za matale, na toka magotini kushuka zimevunjika. Zilisimama Deir el-Bahari, ng'ambo ya Nile mkabala na Luxor, katika hekalu la Mentuhotep wa Pili, mfalme aliyekufa zaidi ya miaka 100 kabla yake. Senusret mikono ameilaza juu ya nguo, yuwaomba.

Kifua cha kijana, tumbo limekaza. Lakini uso, shoga! Kope nzito, mashavu yamebonyea, mikunjo yashuka kando ya mdomo, na masikio makubwa hayo! Wafalme wengi wa kabla yake walichongwa nyuso laini. Na huyu hakuwa mnyonge: alijenga ngome hadi Semna, Sudan ya leo, na kwenye jiwe la mpaka akaandikisha kwamba ameweka sanamu yake pale ili warithi wake waipiganie. Fundi gani angethubutu kumchonga amechoka bila amri yake? Wataalamu wabishana kama ndiyo sura yake hasa, au ni kuwaambia watu kwamba mfalme halali usingizi na anawasikia. Mimi nashika hilo la pili, kwa ajili ya yale masikio.

Basi, Mzee. Ile ya studio anayoitaka kaka yako, suti na ndevu nyeusi, ni nzuri, sikatai. Lakini ile niliyompiga barazani Idi yake ya mwisho, macho mazito vile, ndiyo sura iliyotukesheza kwa vitabu na ikatungoja mlangoni tukichelewa. Bi Kije aliniambia siku ya matanga kwamba... hayo tukionana.

Usikubali waitundike ya studio kabla yangu hii haijafika. Nimeisafisha kubwa, nampa mume wa Rukia, aja mwezi ujao. Ukuta wa sebuleni una nafasi kiasi gani? Yule fundi wa Kibokoni bado atengeneza fremu za mvule? Na Mama, yeye mwenyewe ataka ipi? Kuna aliyemuuliza? Siku hizi apata usingizi?

Wako,
Zuhura