"Yes" yangu imeniponza

Arusha, Jumapili jioni

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo. Ukimya wangu wa miezi minne usiuite kiburi, kwani msimu wa wageni ulitubana mno.

Nakuandikia kwa sababu Kiingereza ulichonifundisha kinaniumbua hapa mapokezi ya hoteli. Juzi mama mmoja aliniuliza, "Do you mind if we leave our bags here?" nami kwa ukarimu wote wa mtu wa Tanga nikamjibu, "Yes, madam." Akaanza kuyakusanya mabegi yake kwa uso uliokunjamana, nami nikabaki nimeduwaa, hadi nilipong'amua kwamba aliuliza iwapo nitakereka wakiyaacha mabegi yao pale, na mimi nikamthibitishia kwamba nitakereka.

Hilo la "nita-" nalo ni mtihani wa pekee, kwa maana sisi kiambishi hicho kimoja kinatutosha. Mgeni alikuwa akihangaika na sanduku ngazini, nikamwambia, "I'm going to help you," kana kwamba tangu asubuhi nilipanga kumvizia pale. Msimamizi akanisahihisha kuwa ni "I'll help you", kwa kuwa uamuzi umezaliwa palepale. Basi nikang'ang'ania "I'll" kila mahali. Mwenzangu kutoka Uingereza alipouliza nitafanya nini Jumamosi, nikajibu, "I'll go to Moshi," ilhali tiketi ya basi nilikuwa nimekwisha kuikata. Akadhani ndiyo kwanza naamua, akaniomba nimshikie zamu! Nilichojivunia wiki nzima ni "It's going to rain" tu, nilipoona wingu limeufunika Mlima Meru, na mvua ikanyesha kweli.

Lakini narudi kwenye "yes", maana ndiyo inayoninyima usingizi. Mgeni aliuliza, "The driver hasn't come?" nikasema, "Yes," akatoka mbio hadi getini kulitafuta gari ambalo halikuwapo. Kwetu "ndiyo" huafiki maneno ya muulizaji, ilhali kwao jibu hufuata tendo lenyewe, kwa hiyo dereva asipofika ni "no". Kichwa kimeelewa, ulimi bado.

Alhamisi nina usaili wa nafasi ya usimamizi, nami naomba msaada wako. Je, mgeni mtu mzima naweza kumjibu "sure", au ni lugha ya vijiweni na nishike "certainly"? Ni kweli kwamba "of course" huweza kusikika kana kwamba namwambia muulizaji hakuwa na haja ya kuuliza? Mtu akisema "I don't drink coffee", nami pia sinywi, nisemeje ikiwa "me too" haifai? Na ile "I am agree" niliyokwisha kuiandika katika fomu ya maombi badala ya "I agree", niwaeleze mwenyewe au ninyamaze? Yule jamaa yetu wa dawati la nyuma, aliyekuwa akicheka kila "am" yangu, bado yuko Moshi?

Nijibu kabla ya Jumatano, tafadhali. "I'll wait" au "I'm going to wait", nichagulie wewe.

Wako,
Mwanafunzi wako wa zamani