Msafara wa pwani upangwe kwa maji kupwa na kujaa

Mhariri,

Matangazo ya matembezi ya vikundi kwenye njia ngumu za pwani hutaja umbali, ada na saa ya kukutana. Saa ya maji kupwa haitajwi, ilhali ndiyo inayoamua kama watu watapita chini ya rasi au watakwama.

Chukua rasi iliyo kilomita 6 kutoka mwanzo, inayopitika saa moja kabla na saa moja baada ya maji kupwa kabisa. Maji yakipwa saa 5:00 asubuhi, kundi linalokwenda kilomita 2 kwa saa na kupumzika nusu saa likianza saa 1:00 litafika saa 4:30 na kupita. Likianza saa 3:00 litafika saa 6:30 mchana, mlango umeshafungwa.

Tena maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa kina cha kupwa hadi kujaa mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, kisha 2, kisha 1. Kina hicho kikiwa mita 3, saa ya kwanza huongeza sentimita 25 tu, na hapo ndipo watu hudanganyika. Saa ya tatu huongeza 75. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvu: maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine. Wala saa za jana hazifai leo: maji huchelewa kama dakika 50 kila siku.

Kilomita 2 kwa saa si uvivu. Kanuni ya kukadiria muda wa matembezi, iliyotolewa mwaka 1892 na mpanda milima wa Uskoti William Naismith, yaani kilomita 5 kwa saa na nusu saa ya ziada kwa kila mita 300 za kupanda, haikutungiwa majabali yenye mwani mbichi, ambako kila hatua hupimwa kwanza na fimbo haisaidii kitu mikono ikihitajika kushika mwamba. Halafu kuna foleni. Penye kamba hupita mmoja mmoja. Watu 14 kwa dakika 3 kila mmoja ni dakika 42, na hakuna aliyezembea.

Mwendo uwekwe na anayekwenda polepole kuliko wote, na mshika mkia awe mtu mzoefu. Kosa la kawaida ni walio mbele kusubiri, kisha kuondoka mara tu wa mwisho anapotokea: wao wamepumzika dakika 10, yeye hata moja. Huyo huyo ndiye huona haya kusimamisha msafara mchanga unapomchoma ndani ya soksi. Kisigino kikianza kuwaka moto, asimame papo hapo, akung'ute, akaushe, abandike plasta. Akingoja mapumziko, lengelenge limeshapasuka.

Mkichelewa rasini, msijaribu kukimbizana na mawimbi. Pandeni juu ya mstari wa mwani mkavu na takataka, ambako maji hufikia yakijaa, na mahali penye njia ya kutokea bara. Maji yatapwa tena baada ya saa 12 na dakika 25 hivi: kwa mfano wetu, karibu saa 5:25 usiku.

Kiongozi wa misafara ya miguu