Siku 3 za baba zinamponza mama kazini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie likizo ya uzazi ya baba. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 zenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba ana siku 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Hata wakiwa pacha, ni hizohizo 3.

Mama aliyefanyiwa upasuaji mara nyingi hulala wodini siku mbili tatu. Anaporuhusiwa, kidonda kibichi na ndoo haiinuliki, mumewe ameshaitwa kazini. Zamani bibi au shangazi alikuja kumkanda na kumpikia mtori hadi arobaini itimie. Wengi wao sasa wako mbali, na wana riziki zao za kutafuta.

Linaloniuma zaidi ni la kazini. Nimekaa kwenye usaili nikasikia binti mwenye vyeti vizuri akiulizwa kama anatarajia kuzaa karibuni. Kijana wa kiume aliyemfuata hakuulizwa. Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, lakini mwajiri anapiga hesabu: huyu atanitoka karibu miezi mitatu, yule siku tatu. Hesabu hiyo amepewa na sheria. Hata mwanamke aliyebahatika kuajiriwa, akirudi likizo anakuta wenzake wamepandishwa vyeo. Mtoto akiugua, yeye ndiye anayepigiwa simu, maana tangu wiki ya kwanza nyumba nzima ilishazoea hivyo.

Kenya, kwa sheria yao ya ajira ya 2007, baba anapata wiki mbili kwa mshahara kamili. Nasi tuanzie hapo. Mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF na PSSSF, tayari inalipa fao la uzazi kwa wanachama wanawake. Isaidie pia kubeba gharama hii, mwajiri mdogo asielemewe.

Najua watakaosema wanaume watazimalizia baa siku hizo. Baadhi, ndiyo. Mbona likizo ya mwaka hatujaifuta kwa sababu ya walevi?

Marekebisho ya karibuni yamemwongezea muda mama wa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, kwa hiyo sheria hii inarekebishika. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA, kila Mei Mosi hudai nyongeza ya mishahara, na ni haki yao. Mei Mosi ijayo waweke na wiki mbili za baba kwenye risala.

Mfanyakazi na baba,
Morogoro