YAH: MALALAMIKO KUHUSU KOMPYUTA MLIYOIRUDISHA MBOVU NA KUDHALILISHWA KWENYE KAUNTA YENU

Mbagala Rangi Tatu,
Dar es Salaam.
18 Machi 2024

Meneja,
Duka la Kompyuta, Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima, na naomba Mungu anijalie niimalize barua hii heshima hiyo ikiwa bado ipo. Nimeambatanisha risiti ya EFD ya Novemba 2023: kompyuta tatu, shilingi 1,260,000, waranti ya miezi 6. Masharti ya waranti yenu mnayajua, mmeyabandika wenyewe ukutani nyuma ya kaunta, kwa hiyo sitayarudia.

Moja kati ya hizo tatu, ile niliyoileta kwenu Februari, haifai tena kwa kazi ya intaneti. Sisemi inachelewa kidogo. Mteja akifungua ukurasa wa kwanza, kiduara kinazunguka mpaka anaanza kuangalia saa. Akifungua wa pili, kimshale kinaganda. Wa tatu, kioo chote kinakuwa cheupe, halafu brauza inajifunga yenyewe na kila alichokwisha kuandika kinapotea. Alhamisi iliyopita nilihesabu. Kuanzia nilipofungua duka hadi adhana ya adhuhuri ilijifunga mara 11. Steshenari siku hizi inaishi kwa brauza, Ndugu Meneja. Watu hawaji kwangu kununua peni na bahasha tu. Wanakuja kuomba TIN, kuangalia matokeo ya watoto wao, kutuma maombi ya kazi. Brauza ikifa, namrudishia mtu hela yake, naye anavuka barabara kwenda kwa jirani na harudi tena.

Wala msiseme sikujaribu. Nina miaka 9 kwenye kazi hii. Nimefuta kache na historia ya wiki nzima, nimeondoa ekstensheni zote, nimeacha ukurasa mmoja tu wazi. Nimebonyeza Shift na Esc kwa pamoja, nikaona jinsi kila ukurasa unavyokula RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, peke yake. Haikusaidia. Taa ya diski inawaka moja kwa moja, haipepesi, na diski inakwaruza ndani kama panya yuko kwenye gunia.

Basi Jumamosi tarehe 16 nilikuja mwenyewe. Nimefunga, mvua inanyesha, CPU, lile boksi la kompyuta, nimeiviringisha kwenye mfuko wa nailoni nimeipakata kwenye bajaji kama mtoto. Fundi wenu wa kaunta, kijana ambaye ningeweza kumzaa, hakuniuliza tatizo ni nini. Aliiunganisha, akaiwasha, akabofya mara mbili tatu, akaniambia mbele ya watu: "Mama, hii haina ubovu. Imejaa virusi kwa sababu ya kurasa chafu mnazofungua huko uswahilini." Kisha akaniambia nisogee pembeni kwa sababu wateja wanasubiri. Nilikuwa na risiti yenu mkononi. Kama wateja ni wale waliokuwa nyuma yangu, mimi mlinihesabu kama nani?

Sasa nikuambie tulichokikuta ndani ya mashine hiyo, maana jana Jumapili niliifungua mbele ya fundi mwingine wa huku Mbagala. Bodi nzima ina vumbi la kijivu, kuanzia kwenye feni mpaka kwenye waya. Matundu ya RAM ni mawili. Moja lina kijiti cha GB 4. La pili ni tupu, jeusi, safi, halina hata chembe ya vumbi, na vibanio vyake vya pembeni vimeachwa wazi. Tundu lililokaa tupu tangu Novemba lisingekuwa safi namna ile wakati mwenzake sentimita moja pembeni amejaa vumbi. Humo palikuwa na kijiti, na kimetolewa si muda mrefu.

Ninayo picha. Siku niliyonunua, kabla sijatoka dukani kwenu, nilipiga picha kioo cha kila kompyuta kwa simu, kwa sababu mume wangu marehemu alinifundisha hivyo. Picha inaonyesha Windows 10, biti 64, RAM GB 8.00. Leo mashine hiyo hiyo inaonyesha Windows 7, biti 32, RAM GB 4.00. Nani aliyeibadilisha? Kwangu hakuna aliyewahi kuifungua hadi jana. Februari ilikaa kwenu siku 4, mkasema mnaifanyia sevisi, mkanitoza shilingi 40,000 ilhali ipo ndani ya waranti, na nililipa bila kugombana kwa sababu nilitaka kurudi kazini. Wakati ule tatizo lilikuwa feni inayopiga kelele. Feni, Ndugu Meneja! Brauza ilikuwa inakwenda vizuri kabisa. Nilileta kompyuta yenye kelele nikarudishiwa kompyuta iliyoibiwa.

Ninyi mnalijua hili kuliko mimi, lakini nitaliandika ili msijefanya hamjui. RAM ikijaa, kompyuta inaanza kuhamishia kazi kwenye diski, na diski yake ni ile ya kuzunguka, siyo SSD isiyozunguka na yenye kasi, kwa hiyo kila kitu kinatambaa. Na hata nikinunua kijiti kingine kwa hela yangu nikakichomeka leo, Windows 7 ya biti 32 mliyoiweka haiwezi kutumia zaidi ya GB 4. Mmenifungia mlango kotekote. Windows 7 yenyewe iliachwa na walioitengeneza tangu tarehe 14 Januari 2020. Chrome, brauza tunayotumia, nayo iliacha kuitolea matoleo mapya mwanzoni mwa 2023, ikaishia toleo la 109. Ndiyo maana kila nikiwasha brauza, juu kabisa kuna ujumbe kwamba haitapata masasisho tena. Mwaka 2024 mnamwekea mfanyabiashara kitu hicho, halafu mnamwambia tatizo ni kurasa anazofungua.

Narudi kwenye kaunta, kwa sababu hapo juu sikusema yote. Nilikuwa naona aibu kuyaandika.

Yule kijana hakuishia kwenye maneno. Niliposema, "Mwanangu, duka langu halifungui uchafu," aligeuza kioo kuelekea kwenye foleni, akafungua historia ya brauza, akaanza kuisoma kwa sauti. Mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Kurasa za wateja wangu! Siku ya Ijumaa kuna mtu alikuwa amekaa kwenye mashine ile akitafuta habari za ugonjwa wake, ugonjwa ambao hajamwambia hata mkewe, na mimi nilijua ni nani. Fundi wenu aliusoma ugonjwa huo kwa sauti, akacheka, na foleni nzima ikacheka naye. Watu kama wanane. Mmoja ni mzee tunayeswali naye msikiti mmoja. Yeye hakucheka, aliinamisha macho, na ile kuinamisha macho ndiyo iliyonichoma kuliko kicheko cha wote. Nina miaka 52. Nilisimama pale na mfuko wa nailoni unadondosha maji miguuni, mkono umeshika risiti, naambiwa nisogee pembeni. Mwenzake aliyekuwa kwenye meza ya pili aliona yote na hakusema kitu. Nikauliza meneja yuko wapi, nikajibiwa, "Meneja haonani na watu wa CPU."

Pembeni yangu alikuwepo binti wa jirani, amemaliza diploma ya ualimu. Ndiye aliyekuwa akituma maombi ya ajira asubuhi ile kwenye mashine hiyo, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mara nne alijaza, mara nne brauza ikajifunga anapofika kupandisha vyeti. Alinifuata hadi Kariakoo na bahasha yake ya kaki akiamini tutarudi na mashine nzima. Badala yake alikaa akinitazama natukanwa. Maombi yake yaliingia saa tano na dakika arobaini usiku, kwenye steshenari ya mtu mwingine, kwa hela yangu, kwa sababu nilishindwa kumwangalia mama yake usoni.

Nilipoanza kuandika nilitaka vitu viwili tu: mnirudishie kijiti changu cha RAM cha GB 4, na mniwekee Windows 10 ya biti 64 kama mlivyoniuzia. Lakini nimeyasoma tena niliyoyaandika na naona hivyo viwili havitoshi. Mnirudishie na ile 40,000. Na kwa kuwa mashine hiyo siiamini tena, wala siwaamini kuigusa, nataka muichukue mnirudishie shilingi 420,000 niliyoinunulia. Zile mbili nyingine zikaguliwe hapa dukani kwangu, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo. Nataka pia barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako na muhuri wa duka, itakayosema wazi kwamba mashine ilibadilishwa ikiwa mikononi mwenu na kwamba hakuna uchafu wowote uliokutwa. Barua hiyo nitaibandika ukutani kwangu wateja waisome, kwa sababu maneno ya Kariakoo yalikwishafika Mbagala kabla sijashuka kwenye bajaji.

Nawapa mpaka Jumatano tarehe 27 Machi 2024, saa kumi jioni. Baada ya hapo sitapiga simu. Nitapeleka picha, risiti na maelezo ya fundi aliyeifungua kwenye Tume ya Ushindani, kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Habari ya kusoma historia za watu hadharani nitaipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa sheria ya mwaka 2022, na habari ya kijiti nitaifungulia jalada polisi kwa jina lake halisi, ambalo ni wizi. Yule mzee wa foleni nimekwishazungumza naye. Amekubali kusema alichokiona, popote atakapoitwa.

Na huyo kijana asihamishiwe tawi jingine kimyakimya. Nataka kujua amechukuliwa hatua gani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

(Sahihi)
Mwenye steshenari, Mbagala Rangi Tatu

Viambatanisho: nakala ya risiti ya EFD, picha ya kioo ya Novemba 2023, picha mbili za tundu la RAM za tarehe 17 Machi 2024, stakabadhi ya sevisi ya Februari.