Barua kwa mwanangu: kiwanja cha Kisesa

Mwanangu,

Mama yako ameniambia umempigia simu kuuliza hati ya kiwanja cha Kisesa iko wapi. Mimi hukuniuliza. Jana mkwe wangu akamalizia habari: umeacha kazi, unafungua ofisi yako ya michoro ya majengo huko Dar, na unataka kukopa ununue ile mashine ya mnara yenye kadi kubwa ya michoro, ambayo bei yake inanunua bajaji na chenji inabaki.

Ofisi yako mwenyewe! Nimewatangazia hadi wazee wa bao hapa Nyakato. Ila kiwanja usikiweke dhamana.

Mkwe anasema umemjibu kwamba laputopu ni za watu wa stesheneri. Maneno hayo niliyasema mimi kabla yako. Ile Sun, kompyuta ya kazi nzito waliyotuletea wafadhili ofisini kuchorea ramani, ilipewa chumba chake na kiyoyozi chake, wakati mkuu wetu wa kazi alikuwa anajipepea na faili. Na ilistahili. PC, yaani kompyuta ya kawaida ya ofisini, ukiipa ramani ya ufukwe kutoka Magu hadi Nansio, unaenda kunywa chai, unarudi, imeganda. Sun ilikuwa inachora tu. Kwa hiyo sikudanganyi kwamba mashine kubwa ni ulimbukeni.

Lakini angalia yaliyowapata waliozitengeneza. PC zilikuwa zinauzwa kwa mamilioni, hivyo gharama ya Intel ya kubuni chipu moja, ule ubongo wa kompyuta, waliichangia wanunuzi wote hao. Watengenezaji wa mashine kubwa kila mmoja alikuwa peke yake: Sun alikuwa na chipu yake, Silicon Graphics yake, HP yake, DEC yake, na kila mmoja Unix yake, yaani programu ya kuendeshea mashine. Programu ya huku ukiipeleka kule haiendi mpaka itayarishwe upya. Mwaka 1993 Microsoft wakatoa Windows NT, Windows ya kazi nzito, 1995 Intel wakatoa chipu ya Pentium Pro. Pengo la nguvu kati ya PC na mashine hizo likapungua, la bei likabaki kama Mwanza na Bukoba. Silicon Graphics walifika mahakamani kwa kufilisika mwaka 2006, wakarudi tena 2009. Sun ikanunuliwa na Oracle mwaka 2010. Hata kompyuta ya NeXT, kampuni ya Steve Jobs, iliyotoka 1988 kwa dola 6,500, haikupata wanunuzi wa maana, mpaka Apple walipoinunua kampuni nzima na kuifanya programu yake msingi wa Mac OS X, programu ya kuendeshea kompyuta za Apple, ile ya 2001 ambayo hata mtoto anaibofya. Hao walikuwa na mtaji wa Marekani. Wewe una kiwanja kimoja.

Diski ya Sun yetu ilipokufa, kipuri kilitakiwa kitoke nje. Tulisubiri miezi. Binti mmoja aliyekuja kwa mkataba akaimaliza kazi yote kwa PC, vipande vipande, usiku. Mimi kwenye kikao nikasema ramani zake ni za kitoto. Nilizikagua baadaye peke yangu; hazikuwa na kosa.

Nywila ya ile mashine nilikuwa nayo mimi tu. Waliniomba niwafundishe amri zake, nikawa nawaambia kesho. Nilipenda mtu aje asimame mlangoni aseme, "Mzee, nisaidie."

Mwaka ule tulipokuhamisha shule, mama yako alikuambia ni umbali. Haikuwa umbali.

Basi anza na hiyo laputopu. Mchoro wa nyumba ya bibi yako uliufanya kwa kompyuta ya mkopo wa rafiki, na fundi wa Misungwi aliusoma bila kuuliza swali. Picha nzito siku hizi mnakodi mashine za watu kwa saa kupitia intaneti, umenieleza mwenyewe Pasaka, ukijisifu. Wateja wakilipa, nunua hiyo minara hata mitatu. Nunua kwanza kile kidude cha kuhifadhi umeme. Na hiyo mikopo ya kausha damu, hapana. Hata ya benki, kama wanataka kiwanja, hapana. Nasema tena kwa sababu ukikaa kimya kwenye simu najua hujakubali.

Mama yako ameanika dagaa, atakutumia kwa basi la Jumatano. Nenda mwenyewe ukapokee, mara ile walikaa stendi siku mbili wakaoza. Mdogo wako amefaulu, ila hataki kusoma sayansi, ongea naye wewe, mimi ananikimbia. Bati za jikoni zinavuja upande wa mwembe, fundi atakuja Jumamosi.

Ufunguo wa kabati lenye hati ninao mimi. Usimsumbue mama yako.

Baba yako